Uso wa Karabai na Kioo cha Daktari

Jina la Karabai nilipewa karakanani, na sikulipenda hata siku moja. Ile taa ya kizamani yenye mwanga wa kuumiza macho, ndiyo mimi. Ikifika saa nne asubuhi pua inawaka, saa sita paji la uso linawaka, na saa nane ukinisimamisha dirishani unaweza kujitazama kwenye shavu langu ukachana nywele. Hayo ni maneno ya fundi rangi, si yangu. Mtu anayeuza nguo akiwa na uso wa mafuta, kero ni yake peke yake. Mimi nilifanya kazi karakana ya vioo vya kujitazamia, na humo mafuta ya mwili ni adui wa ukoo mzima.

Sababu ni hii. Kioo cha kujitazamia huanza kama kioo kitupu cha dirisha. Unakiosha, unakilaza mezani, unamimina juu yake maji yenye madini ya fedha, na baada ya dakika chache fedha ile inashika na kuwa mng'ao. Lakini haishiki vizuri ila mahali palipo safi. Ukikigusa kwa kidole chenye mafuta, hata kama jicho halioni alama yoyote, pale fedha hugoma. Unapata doa, na kioo chenye doa kwetu kilikuwa kinavunjwa, hakiuzwi.

Karakana ilikuwa ya Shangazi, dada yake baba, aliyeirithi kwa babu. Tulikuwa wanne tu. Shangazi alikuwa na chumba cha kumimina, ufunguo shingoni. Fundi rangi alipaka rangi migongo ya vioo na kutia watu majina. Mimi nilisugua kingo. Na baba yangu alikata vioo, meza ya kwanza ukiingia, akiwa amekipa mgongo chumba cha kumimina. Baba ni mkubwa kwa Shangazi kwa miaka mitatu, na kwa haki kile chumba kilikuwa chake. Ila naye anang'aa. Alipokuwa kijana babu alimjaribu mara tatu, vioo vyote vitatu vikatoka na madoa, babu akatamka kwamba mwenye uso wa mafuta hamimini fedha. Ikawa sheria. Kwa miaka ishirini na sita hakuna mtu aliyesikia baba akilalamika, na hilo ndilo lililokuwa linanichoma.

Mimi nililalamika kwa niaba yake na yangu. Nililalamika wakati wa chai, nililalamika nikisugua, mpaka Shangazi akachoka na sauti yangu akanipa nafasi. Miezi mitatu. Katika vioo kumi na kimoja nilivyomimina, vinne vilitoka na madoa, yote ya mviringo, ya ukubwa wa ncha ya kidole. Cha nne kilipovunjwa Shangazi alifuta mikono kwenye aproni akasema, "Kimoja kingine, Karabai, na unarudi kwenye kingo. Moja kwa moja. Sitaki maneno."

Na si kwamba sikuwa najitahidi. Nilikuwa naosha uso mara sita kwa siku. Tena sikuosha kwa sabuni ya bafuni, hapana. Niliosha kwa unga wa vioo, ule mweupe tunaosugulia kioo kabla ya kumimina, uliochanganywa na magadi. Halafu napitisha pamba yenye spiriti. Baba ndiye aliyenifundisha, nikiwa na miaka kumi na mitano, chunusi za kwanza zilipotoka. Alinikalisha kwenye ndoo iliyopinduliwa, akanisugua taratibu kwa kidole kimoja, akaniambia, "Mafuta ni mafuta, mwanangu. Kinachoyatoa kwenye kioo kitayatoa na kwenye uso." Alisema kwa upendo wote. Naye alikuwa anajisugua hivyo hivyo toka ujana, na mashavu yake yalikuwa magumu kama kisigino.

Unaona jinsi watu wa vioo tulivyo. Hatukumuuliza mtu yeyote wa nje.

Siku aliyokuja daktari nilikuwa nimetoka kujisugua. Alikuwa daktari wa ngozi, mwanamke mfupi, sauti nene, viatu vinavyomtangulia kusikika. Alitaka kioo kirefu cha ukutani kwa ajili ya chumba chake cha kuonea wagonjwa.

"Kisiwe na doa hata moja," alimwambia Shangazi. "Wagonjwa wangu wanakuja na madoa yao. Nikiwaongezea ya kioo watadai niwatibu na hayo."

Shangazi alicheka, jambo ambalo hutokea kwa mwaka mara moja. Kisha daktari akageuka akaniona. Akanusa. Akanikaribia mpaka nikarudi nyuma kidogo.

"Binti, unaosha uso na nini?"

Nilimwambia, na kwa kujivuna pia, maana nilidhani ataniuliza unga unapatikana wapi. Daktari alimtazama Shangazi, akamtazama baba, akavuta kiti akakaa bila kukaribishwa.

"Na mzee pale naye?"

"Na yeye," nikasema.

"Mnajiosha kama madirisha," akasema polepole. "Wote wawili. Na bado mnang'aa."

"Ndiyo shida yenyewe, daktari. Tukizidi kusugua ndiyo kwanza tunazidi kung'aa."

"Kaa hapa nikuambie kitu. Chini ya ngozi una tezi ndogo ndogo za mafuta, nyingi zimekaa jirani na vinyweleo. Kazi yao ni hiyo, kutoa mafuta. Mafuta yale hulainisha ngozi na husaidia maji ya mwili yasitoroke ovyo. Wengine tezi zao zina bidii, wengine zina uvivu, inategemea umri, homoni na ukoo uliozaliwa. Sasa wewe unasugua juu. Tezi ziko chini. Sabuni haizifikii, unga hauzifikii, zenyewe hazina hata habari kama wewe umekasirika. Ni sawa na kupiga deki wakati bomba liko wazi."

"Kwa hiyo nifunge bomba."

"Hulifungi. Unaishi nalo kwa adabu. Na huo unga wako umeibandua ngozi, ndiyo maana imevimba hapa, imechanika hapa. Inakuwasha?"

Inakuwasha. Hilo neno nilikuwa sijawahi kulifikiria. Uso wangu ulikuwa unawasha toka asubuhi hadi jioni, miaka na miaka, mpaka nikadhani nyuso ndivyo zilivyo.

Daktari aliniandikia kwenye kipande cha karatasi: sabuni laini asubuhi na jioni, basi. Usisugue, kausha kwa kugandamiza taulo. Losheni nyepesi isiyo na manukato, ile isiyoziba vinyweleo. Mchana ukizidiwa, gandamiza karatasi laini, usifute. Na usijishikeshike. Alipofika hapo akaona mikono yangu, akaongeza jambo bila kuinua kichwa, kama mtu anayesema habari ya hali ya hewa.

"Bahati yenu nyie mafundi, viganja havina tezi za mafuta. Hata moja. Ndani ya vidole pia."

Nilihisi kama nimepigwa kofi la furaha.

"Rudia, daktari."

"Kiganja hakina tezi za mafuta. Za jasho kinazo, za mafuta hapana."

"Sasa mafuta ya vidoleni yanatoka wapi?"

"Unakoyachukua," akasema, akanigusa ncha ya pua kwa kalamu yake.

Babu alikuwa amekosea. Ukoo mzima ulikuwa umekosea. Haikuwa uso kuwa na mafuta, ilikuwa safari ya kidole kutoka puani hadi kwenye kioo, na safari unaweza kuizuia. Nilimgeukia baba. Alikuwa ameinama juu ya kipimo chake, hakati chochote, amesikia kila neno.

Shangazi alisikia pia, akasema glavu ndiyo dawa ya watu wa aina yangu, ila glavu kwake haziingii, maana kioo kilicholowa huteleza ndani yake na mkono mtupu hugundua chembe ya mchanga kabla ya jicho. Kisha akaniambia kioo cha daktari nitakimimina mimi, baada ya wiki tatu. Nilijua hakunipa kwa huruma. Alitaka yaishe.

Nilianza siku ile ile. Kwanza nilitaka kujua najishika mara ngapi, nikamwomba baba anihesabie. Alichukua kalamu ya nta tunayochoria vioo, akaweka kipande kitupu kando ya meza, na kila mkono wangu ulipopanda usoni akapiga mstari mmoja. Baada ya saa moja alinionyesha. Mistari thelathini na nne. Nilibisha. Nilisema ametia chumvi, na nikiwa nasema hivyo nikajikuna kidevu. Baba akapiga mstari wa thelathini na tano. Fundi rangi alicheka mpaka akaweka brashi chini.

Wiki ya kwanza niliteseka. Uso uliooshwa mara mbili tu kwa siku nilihisi kama umevaa nguo za jana. Nilikwenda kwenye beseni mara kadhaa nikiwa nimeshika unga mkononi, nikaurudisha. Na mafuta, jamani, yalikuwepo vilevile. Saa sita mchana niligandamiza karatasi laini tunayofungia vioo, ikawa inaangaza upande wa pili. Nilikaribia kukata tamaa. Lakini siku ya nane nilipoamka sikuona magamba ya ngozi kwenye mto. Siku ya kumi na mbili nilikuwa katikati ya kusugua ukingo wa meza ya kioo nikagundua kitu kinakosekana, nikasimamisha mashine nikitafuta ni nini. Ni muwasho. Ulikuwa umekwenda zake.

"Baba," nikapaza sauti toka upande wa pili wa karakana, "hainiwashi."

Akainua kile kipande cha kioo. Mistari sita tangu asubuhi. Nilirukaruka kama kichaa, na sioni aibu kulisema.

Baba mwenyewe alikuwa bado anajisugua na unga. Nilimwachia sabuni yangu kando ya beseni, akajifanya haioni. "Mimi ngozi yangu imeshazeeka, mama," aliniambia. "Jaribu wewe." Nilijua siyo ngozi. Alikuwa anaogopa kutumaini.

Mambo yaliharibika siku tatu kabla ya kumimina. Shangazi alinikuta nyuma ya kabati nikijipaka losheni. Alisimama kama ameona nyoka.

"Unapaka nini?"

"Losheni, Shangazi. Ya daktari."

"Unapaka mafuta. Ndani ya karakana yangu. Wewe, ambaye Mungu amekujalia ya kwako ya kutosha." Alivua ufunguo shingoni, akaushika mkononi kama anayetaka kuuficha. "Nilikuwa nakuvumilia kwa ajili ya baba yako. Basi. Kioo cha daktari nitamimina mwenyewe. Na hicho chumba usikikaribie."

Maji yalinifika shingoni. Siku nyingine ningelia au ningefoka, maana vyote viwili navijua vizuri. Siku ile nilikwenda kwenye rundo la vipande, nikachukua kimoja cha ukubwa wa sinia, nikakiosha kwa unga mpaka maji yakatanda juu yake bila kukatika, ambavyo ndivyo fundi anavyojua kioo kiko safi. Nikanawa mikono. Nikakiweka mezani mbele ya Shangazi, kikiwa kimekauka.

"Nipe dakika mbili tu, Shangazi, halafu nifukuze."

Fundi rangi alisogea. Baba hakusogea, ila aligeuka. Kwa mara ya kwanza nilimwona amekielekea chumba kile.

Nilibandika kidole changu kwenye kioo, nikakitoa. "Pulizia," nikamwambia Shangazi. Alisita, akapuliza pumzi ya joto kama tunavyofanya siku zote kukagua. Ukungu ulitanda juu ya kioo, ukafifia sawasawa. Hapakuwa na kitu pale kidole kilipokaa.

"Uso umepakwa losheni," nikasema. "Unang'aa, tazama. Kidole ni safi."

Kisha nikajigusa ncha ya pua, nikabandika tena. Shangazi alipopuliza, alama ilitokea wazi kabisa, mviringo, mistari yote ya kidole inahesabika. Ni doa lile lile. Lile la vioo vyangu vinne.

"Kumbe unalijua," Shangazi akasema. "Basi mwenye pua kavu ndiye wa kumimina..."

"Sasa wewe."

"Mimi ngozi yangu kavu toka utoto. Kila mtu anajua."

"Nawa, halafu rekebisha kilemba chako, kama unavyofanya kila siku. Kisha gusa."

Alinitazama kwa jicho ambalo limewanyamazisha wateja wakubwa. Lakini Shangazi ni fundi kwanza, ndipo ni mkali, na fundi hawezi kuachia kipimo nusu. Alinawa. Alisukuma kilemba chake nyuma kwa kidole, kidole kikapita kwenye paji la uso na nywele za mbele. Akabandika. Akapuliza mwenyewe.

Alama ilitokea. Nyembamba kuliko yangu, lakini ilikuwepo.

Shangazi alipuliza tena, na tena, kama anayetumaini itafutika. Fundi rangi alifungua mdomo atie jina, baba akamwonya kwa kichwa, akaufunga.

"Hata mimi nina madoa yangu," Shangazi akasema mwishowe, kwa sauti ya chini. "Mawili, matatu kwa mwaka. Nilikuwa nasema ni maji mabaya." Akaurudisha ufunguo shingoni. "Umimine wewe. Mimi nitakaa mlangoni."

Asubuhi ya kumimina nilioga mapema, nikaosha uso kwa sabuni laini, nikajipaka losheni yangu mchana kweupe mbele ya kila mtu, nikanawa mikono mara mbili hadi viwiko. Roho ilikuwa juu. Kioo cha daktari kilikuwa kirefu kunizidi. Nilikiosha kuanzia juu kwenda chini, maji yakatanda kipande kimoja, hayakukimbia popote. Shangazi mlangoni. Fundi rangi nyuma yake. Baba dirishani, upande wa nje, kama mtu asiyeruhusiwa.

Nilichanganya maji ya fedha, nikamimina. Huo wakati siwezi kuuelezea bila kusimama. Kwanza hakuna kitu. Kisha rangi ya chai inapita juu ya kioo, inakolea, inakuwa nyeusi kiasi cha kukutisha kwamba umeharibu, halafu ghafla, kufumba na kufumbua, dari yote inashuka na kulala mezani. Taa, nyufa, buibui wa kwenye kona. Wakati huohuo jasho liliteremka toka kwenye paji la uso likasimama kwenye ncha ya pua. Mkono uliinuka wenyewe. Nikauona ukiinuka, nikaurudisha chini, nikageuza uso pembeni, jasho likadondoka sakafuni.

Tulikisuuza, tukakisimamisha. Shangazi alichukua taa ya mkononi akaanza kutafuta doa. Alitafuta toka pembe hadi pembe, akapiga magoti akatafuta kwa chini, akapanda kwenye kigoda akatafuta juu. Nilikuwa nacheka na machozi yananitoka, na sikujua nianze kufuta kipi, nikaacha vyote. Alipomaliza aliizima taa.

"Hakuna," akasema.

Nilitaka kupiga kelele. Lakini Shangazi alikuwa hanitazami mimi, wala kioo. Alikuwa anatazama dirishani. Alisimama hivyo muda mrefu, taa iliyozimwa ikining'inia mkononi.

"Miaka ishirini na sita," akasema, si kwa yeyote. Akavua ufunguo shingoni akauweka juu ya meza ya kumiminia. Kisha akapaza sauti.

"Kaka. Ingia ndani."

Baba aliingia, akaishia kwenye kizingiti, kofia mkononi. Alikitazama kioo, na ndani yake sote tulikuwemo, yeye akiwa nyuma kabisa.

"Kuna kioo kingine cha kumimina leo," Shangazi akamwambia. "Nenda kanawe mikono."

"Mimi?"

"Wewe, kaka."

Baba alikwenda kwenye beseni akasimama. Mkono wake ulishika bomba, haukulizungusha. Shangazi alimfuata, akamfungulia maji, akachukua sabuni yangu laini, akaanza kumnawisha mwenyewe, kidole kimoja kimoja.